Moto Usioonekana Juani

Mama watoto, chupa ya spiriti nimeifungia kabatini. Madirisha yaache wazi, harufu bado imejaa.

Asubuhi nilikuwa nasugua meza hii ya kuuza kwa spiriti, hapa dirishani penye jua, na jiko linawaka pembeni. Meza ikashika moto nisijue, maana juani moto wa spiriti hauonekani. Nanyoosha mkono nifute, mara mama yako akatupa shuka alilokuwa akilikamua juu ya meza. Nikamfokea! Kumbe aliona hewa inacheza kwa joto juu ya meza. Na mimi kila siku nalalamika kwamba mama mkwe ananichungulia kazini!

~~Hiyo alama nyeusi ipigwe msasa.~~ Iacheni. Meza siuzi tena, mama anywee chai hapo.

Nimeandika kwa mkono uleule ulionusurika kuungua.

Baba watoto