Yule Bakteria Wetu wa Mboko Hakufa

Mwalimu wangu Wilondja,

Nakuandikia nikiwa hapa mjini Baraka, kwenye meza ile ile yenye mguu mfupi uliyokataa kuitengeneza. Nikuambie kabla hata ya salamu: hakufa. Yule bakteria wetu wa Mboko hakufa. Wewe uliondoka ukiamini amekwisha, na hilo limeniuma miaka yote hii, kwa hiyo leo nimekaa nikueleze vizuri.

Nakumbuka tulivyomchota. Bamama, akina mama wa Mboko, walitucheka, mwalimu mzima wa biolojia na msaidizi wake wameinama kwenye dimbwi la kulowekea mihogo, wanajaza maji yanayonuka kwenye vichupa. Ulitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini mihogo ya dimbwi lile inalainika upesi kuliko ya kwingine. Maabara yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha shule, darubini moja na frigo ya kupozea inayowaka kwa petroli. Tuliwatenga viumbe wadogo wa maji yale mmoja mmoja mpaka tukampata yeye peke yake, mwenye makundi ya manjano na kingo zilizopindapinda. Tukampaka rangi, tukampa sukari hii akala, ile akakataa. Kila nilipotaka kukimbilia majibu ulinizuia. "We usimupe jina mbio. Muulize kwanza anakula nini." Mpaka leo nikikutana na mtu mpya nafanya hivyo hivyo, na watu wananiona mgumu.

Kichupa tulichotuma ng'ambo kilifika kimekufa. Mabingwa wa kule wakajibu kwamba kwa maelezo yetu hafanani na aina yoyote wanayoijua, lakini bakteria aliyekufa hapewi jina. Lazima awe hai, na ahifadhiwe hai katika nchi mbili. Tulikuwa tunaandaa kingine vita vilipoingia Baraka.

Tulipokimbia uliacha vitabu, ukaacha suti ya harusi yako, ukabeba chungu. Nilikuona umerukwa na akili, nisamehe. Petroli hakuna, chakula chake cha maabara hakuna, ukasema tumrudishe kwenye muhogo ndani ya chungu kile, ndiko nyumbani kwake. Kila tulipopata mahali pa kulala siku mbili tatu, tuliloweka mihogo mipya na kutia konzi moja ya ile ya zamani, kama wafanyavyo bamama wote wa kwetu. Hivyo ndivyo alivyopanda nasi milimani mpaka Kilembwe, mzima kabisa.

Na ukarimu ndio uliotumaliza. Malaria ilikuwa imekulaza, mimi nimekwenda kutafuta kwinini. Mama Atosha, yule mkulima aliyetupa chumba, aliona aibu mgeni mgonjwa alale njaa na chungu chake kimejaa. Akapika mihogo yote. Kisha akakisugua chungu kwa majivu na mchanga mpaka kikang'aa, maana chombo cha mgeni hakirudishwi kichafu. Niliporudi nililia kama mtoto. Wewe ulicheka mpaka kikohozi kikakukamata.

"Usilie, Sifa," ukaniambia. "Iko mu tumbo yangu sasa."

Ukanikataza kumweleza Mama Atosha alichokuwa amekipika. Siku chache baadaye tukakuzika huko huko, nyuma ya shamba lake la maharage.

Njia ilipofunguka nilipanda tena Kilembwe kupalilia kaburi lako. Jikoni kwa Mama Atosha nikakuta mihogo imelainika, na unaijua baridi ya kule, muhogo unakawia mpaka unakata tamaa. Nikamuuliza anafanyaje. Akaona haya, akainama kuchochea moto.

"Siku ile, mbele sijapika bado, nilichota konzi mu chungu ya mwalimu," akasema. "Yetu ilikuwa inakawia sana. Sasa bamama bote ba hapa banachota kwangu."

Mwalimu, nilikaa juu ya kuni pale pale, nikamshika mikono, nikamshukuru mpaka akadhani nimechanganyikiwa.

Nilichota konzi yangu, na sikumpa bakteria yule jina mbio. Nilimtenga upya, nikampaka rangi, nikamuuliza anakula nini. Ni yeye. Mwenye boti mmoja akanivushia vichupa ziwani hadi Kigoma, vikaendelea ng'ambo, na safari hii vilifika salama. Sasa anaishi katika nchi mbili, na barua imekuja kusema ni aina mpya, wanataka jina. Wenzangu walitaka jina lako. Nimekataa, na najua ungenipongeza: ulisema siku zote apewe jina la mahali anapokula. Ataitwa wa Mboko, kwa Kilatini chao hicho.

Asante, mwalimu. Asante kwa kunifundisha kuuliza kwanza, asante kwa kubeba chungu badala ya suti, asante kwa kicheko kile, maana bila hicho ningelia maisha yangu yote. Vita bado havijatulia milimani, na huenda tukakimbia tena. Nakuahidi sitaondoka bila chungu, na nikikaa, sitakimaliza bila kubakiza konzi.

Jana jirani mpya, aliyekimbia vita huko juu, alikuja na bakuli kuniomba konzi ya kuanzia. Akauliza ni ya nani, asije akachukua cha mtu. Nikamjazia.

"Chukua tu, mama. Iko ya mwalimu."

Pumzika, baba yangu. Yupo.

Sifa wako