Chumba cha Dharura Nilichokiazimisha

Kijiji cha Nandunda,
S.L.P. 31,
Newala.
9 Novemba, 2003.

Mpendwa mpwa wangu Dina, Mama Julia,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako huko Tabora. Shikamoo uliyoniandikia wakati wa Pasaka niliipokea, marahaba, mwanangu. Hujambo? Baba Julia naye hajambo? Na kifua cha Julia kimetulia, au bado kinambana msimu wa vumbi? Sisi huku tupo, ila mjomba wako si yule uliyemwacha. Miguu imevimba, na nikilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo usiku nakaa nimeegemezwa mito kama abiria anayesubiri basi. Madaktari wa Ndanda wameniambia wazi kwamba moyo umechoka. Walisema kwa upole nami nikawashukuru. Flora binti yangu ananitunza vizuri, hana manung'uniko.

Mwandiko huu unisamehe. Naandika nikiwa kitandani, lakini sikutaka Flora aniandikie. Utaona sababu.

Korosho za mwaka huu si haba. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ruvuma, na kila mwenye bati anasafisha mfereji wake ili maji ya kwanza yasiingie tangini na uchafu. Shida yetu ya maji unaijua, haijabadilika. Bomba likitoa leo, linapumzika wiki tatu.

Jambo hilo la maji na mvua ndilo lililonishikisha kalamu. Tuna bwana afya mpya anayeitwa Mathias, mwenyeji wa Iringa, mtu makini. Ameagizwa kila kijiji kiwe na mpango wa kujikinga na magonjwa ya mlipuko kabla ya masika. Alipata habari kwamba mimi ndiye niliyeandika mpango wa mwaka 1995 nilipokuwa bwana afya hapa, akaja kuuomba. Nilikuwa na nakala. Aliusoma wote akiwa ameketi kando ya kitanda changu, akasema haupungukiwi kitu.

Kisha akanisomea rasimu ya kamati yake. Kipengele cha kwanza, kabla ya vyoo na kabla ya maji, ni wageni. Mtu yeyote anayeingia kutoka nje wakati wa mvua azuiwe barabarani, akae siku saba katika darasa la shule, na mwenyeji atakayemficha atozwe faini. Nikamuuliza wazo hilo limetoka wapi. Akasema wajumbe wote waliafiki, na aliyelitoa ni Bi Somoe, jirani yetu, anayewasemea akina mama. Alisema hivi: "Sisi tulishafundishwa na binti wa Valeria. Aliingia na mfuko wa dagaa, akatoka na roho za watu kumi na mmoja."

Nilinyamaza. Mathias akadhani nimekubali, akakunja karatasi zake. Hapo nilitambua kwamba kimya changu sasa kinaandikwa kuwa sheria ya kijiji.

Dina, ugonjwa ule wa kipindupindu hukuuleta wewe. Nimelijua hilo tangu wiki ile ile mama yako alipofariki, nami nimekaa nalo karibu miaka sita. Nisikilize nikueleze yote kwa utaratibu, maana umenyimwa utaratibu wa jambo hili muda mrefu.

Chumba cha dharura tulikijenga sote, pembeni mwa zahanati. Maji ya kufyatulia matofali akina mama waliyabeba kichwani kutoka bondeni, na mama yako alikuwa mmoja wao. Ndani tuliweka mapipa manne ya unga wa klorini wa kutibu maji, chumvi za kuongeza maji mwilini, chokaa, ndoo na mabuti. Katika mpango niliandika kwamba chumba hicho kisiingizwe kitu kingine chochote, na kwamba kila mwezi mapipa yafunguliwe na unga upimwe nguvu, kwa sababu klorini ikipata joto au unyevu hufa. Maneno hayo ni yangu, na mwandiko ni wangu.

Mwaka uliofuata, mikorosho ilipotoa maua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, uliingia kwa nguvu. Wewe ulikuwa chuoni. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kinatuletea salfa ya kupulizia, lakini soko huria lilipofika chama kilikuwa hoi, na salfa ikawa ya mwenye lori. Ndipo akaja Jafari, wakala wa mnunuzi binafsi, mtu mcheshi, wala simlaumu. Alisema ataishusha salfa kwetu kama atapata chumba kikavu chenye kufuli, la sivyo anaendelea kijiji cha mbele. Chumba kikavu chenye kufuli kilikuwa kimoja tu.

Wakulima walinijia, mwenyekiti akiwa mbele yao. Akaniambia, "Bwana Afya, ugonjwa wa mikorosho umeshaingia ndani. Huo wa watu haujapiga hodi. Chumba kilale tupu kikimsubiri nani?" Wakacheka, nami nikacheka, nikamkabidhi Jafari ufunguo. Mapipa tuliyahamishia kwenye kibanda nyuma ya jiko la zahanati, chini ya mabati yenye matundu. Tulisema ni kwa wiki sita.

Salfa ilipokwisha wakajaza magunia ya korosho, na korosho zilipoondoka ikarudi salfa. Kila nilipopita pale nilikusudia kuudai ufunguo, nikaona haya, maana mikorosho ya kijiji kizima ilikuwa imezaa na watu wananibariki njiani. Yangu ndiyo iliyopuliziwa mwanzo kabisa. Hilo nalo sitaki kulificha.

Novemba 1997 ilikuja fomu kutoka wilayani. Swali mojawapo liliuliza kama chumba cha dharura kiko tayari. Nikajibu: "Kiko tayari." Sikuinuka hata kwenye kiti kwenda kuyatazama mapipa.

Mvua za mwaka ule unazikumbuka. Vyoo vilifurika, maji yakatiririka hadi kwenye lambo na kuingia katika matangi ya ardhini. Alhamisi tarehe 15 Januari, Nikolao mchoma mkaa aliletwa zahanati akiwa amefungwa kwa kitenge juu ya baiskeli, macho yameingia ndani. Nilimwandika mwenyewe katika daftari la wagonjwa. Hadi jioni walikuwa wanne. Wewe ulishuka kwenye lori Jumamosi, tarehe 17.

Nilikwenda kibandani nikafungua mapipa, moja baada ya jingine. Unga ulikuwa umeshikana mabonge kama chokaa ya ukuta wa zamani, wala haukunuka. Mtu wa kazi yangu hahitaji kipimo kujua maana yake. Nilipaswa kupiga mbiu saa ile ile kwamba maji yote yachemshwe, na kumtuma mtu Ndanda. Lakini ningemtuma, ningeulizwa klorini iko wapi. Basi nikayaponda mabonge, nikayamwaga lamboni na matangini, nikizidisha kipimo na kujidanganya kwamba wingi utafidia nguvu.

Ilikuwa Ramadhani. Bi Somoe alikuja lamboni kuchota maji ya futari, akayanusa, akanitania mbele ya watu: "Bwana Afya, leo umetuletea dawa ya kiungwana. Ile ya zamani ilikuwa inanuka hadi kwenye uji." Kila mtu akafurahi. Nami nikatabasamu, Mungu ananiona, nikawaambia, "Kunyweni, maji yameshatiwa dawa."

Ijumaa mama yako alinifuata hadi mlangoni. Kuni zake zote zilikuwa zimelowa. Akaniuliza, "Kaka, nichemshe au nisichemshe?" Nikamwambia, "Usihangaike, dada. Tangi lako nimelitia dawa kwa mkono wangu."

Hakuhangaika. Aliamini neno la kaka yake. Jumatatu akaanza kuharisha, na Jumanne mchana nilikuwa nimemshika mkono alipokata roho. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta chumvi nyingine, kwa kuwa makasha yetu panya walishayatoboa na zilizobaki hazikufika siku mbili. Jumatano wauguzi wa Ndanda waliingia na dripu na dawa yao, baada ya mwalimu mkuu kuwapelekea habari, si mimi. Tangu siku hiyo watu walianza kupona. Dina, zile siku sita kati ya Nikolao na wauguzi ni zangu.

Sasa nafika kwenye lile lililonilemea kuliko yote. Matangani watu walianza kunong'ona kwamba umetoka Lindi, na Lindi kuna ugonjwa. Desturi yetu unaijua. Mtoto wa dada husemewa na mjomba wake, na mjomba akinyamaza, mtoto hana wa kumtetea. Wazee walinigeukia wakauliza, "Mjomba mtu, una neno?" Wewe ulikuwa umeketi mkekani, nguo ya msiba kichwani, ukinitazama. Daftari la wagonjwa lilikuwa ndani ya sanduku langu, na Nikolao ameandikwa humo siku mbili kabla hujafika. Nikasema, "Sina."

Uliondoka siku ya nne bila kungoja arobaini. Hukuuliza kitu. Ulinipigia magoti ukaniaga kwa heshima zote, na mimi nikakupa mkono.

Barua yako ya Pasaka nimeisoma mara nyingi. Umeandika kwamba bado unajiuliza kama ni wale dagaa, kwamba unaosha vyombo vya Julia mara tatu, kwamba hupeleki chakula msibani kwa jirani hata wakikuita mchoyo. Mwanangu, acha. Wale dagaa mama yako hakuwahi kuwala. Niliwakuta mfukoni mwao jikoni, wamefungwa vile vile, nikawafukia. Hata hilo nililijua.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya ukurasa wa daftari. Mathias ameinakili kwa mkono wake na kuigonga muhuri wa zahanati. Tazama tarehe. Mwonyeshe mume wako, na Julia akikua mwonyeshe.

Mathias nimemweleza yote juzi. Hakunikaripia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama niko tayari kuyasema mkutanoni, au nataka ayaseme yeye nitakapokuwa nimekwenda. Nikamwambia ningali nina ulimi. Mkutano wa kupitisha mpango ni Jumamosi tarehe 29, baada ya Idi. Nitabebwa na kitanda changu hadi ofisi ya kijiji. Nataka wenye ndugu waliokufa wanikute hai, wenye neno waniambie usoni. Bi Somoe alimzika mdogo wake wiki ile, naye ana haki ya kuwa wa kwanza.

Sikukuandikia ili kukuomba ruhusa, na sitangoja jibu lako. Nikingoja nitapata kisingizio kingine, na mvua haziningoji. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu kabla halijafika Tabora kwa mdomo wa abiria. Msamaha sikuombi katika barua hii. Ukiwa nao utautoa siku yako, na usipokuwa nao hujanikosea. Nikifa kabla hujajibu, usije ukajitwika na hilo tena.

Nyumba ya mama yako ipo. Bati nimelibadilisha mwaka juzi, na tangi limesuguliwa likapakwa saruji upya. Ni yako na ya Julia, kwa haki ya ukoo, wala hakuna atakayewauliza mmetoka wapi.

Nisalimie sana Baba Julia, umwambie nashukuru kwa kukutunza wakati kwenu tulishindwa. Mbusu Julia. Flora anakusalimu, hajui nimeandika nini ila ameona ninavyolia, na Dominika mke wa mwenyekiti anakuulizia daima. Yeye hakuwahi kuyaamini yale maneno.

Kipengele cha kwanza Mathias amekifuta. Akaniuliza pale palipobaki wazi aandike nini. Nimemwambia aandike kwamba mapipa yafunguliwe kila mwezi mbele ya watu, akina mama wayanuse kwa pua zao, na anayejaza fomu asiwe peke yake mwenye ufunguo. Ameandika.

Mungu aliyemlaza mama yako akuinue wewe kichwa, akupe usingizi mzuri na mikono isiyo na hofu unapomlisha mwanao.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na niliyechelewa kukusemea,

Benedikto