Baba Mgongoni, Murungu hadi Kasulu

Kasulu, Jumatano jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mji mzima unanukia udongo. Viganja vyangu bado vina ganzi ya usukani.

Niliondoka Dodoma wiki iliyopita, peke yangu, kwa pikipiki. Ni likizo yangu ya kwanza tangu nianze kazi ya uuguzi. Wenzangu wodini waliniuliza kama naenda harusini au msibani. Niliposema naenda kutembea tu, wakatazamana.

Bahi ilikuwa kavu kabisa, ng'ombe wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme. Singida upepo ulikuwa wa moto, midomo ikapasuka. Miamba, vumbi, jua, kisha miamba tena.

Halafu, baada ya Kakonko, nikaiona milima ya kwetu.

Nimekulia huku na sikuwahi kuiona. Labda kwa sababu siku zote niliipita nikiwa nimesinzia ndani ya basi. Safari hii mawingu yalikuwa yamelala mabondeni, chini yangu, na vilele vya kijani vimechomoza juu yake, kimoja nyuma ya kingine hadi Burundi. Nilizima injini, nikavua helmeti.

Nyumbani Murungu nilipita kupumzika kidogo tu. Mama ndiye aliyeniambia, huku akimenya mihogo, "Mchukue na baba yako. Kila siku anasimama pale kuangalia barabara."

Baba ni mtu wa Burundi. Alivuka mpaka kwa miguu akiwa kijana, akaishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akamwoa Mama, Muha wa hapa hapa. Mimi nilizaliwa kambini. Kambi ilipofungwa tukahamia kwa wajomba Murungu, na baadaye Baba akapata uraia. Tangu hapo ni shamba na baiskeli yake.

Nilimwambia twende Kasulu.

"Kuna nini Kasulu?"

"Hakuna kitu, Baba. Tunatembea tu."

Akafikiri kidogo. "Mimi safari zangu zote nilikuwa nakimbia, au nahamishwa. Hii ya kutembea tu inafanywaje?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Leo asubuhi alipanda nyuma yangu, akanishika mabega kwa nguvu kama ameshika mpini wa jembe. Kila mteremko alisema "Buhoro, buhoro," polepole, kwa lugha yake. Kabla ya Makere tuliiona mvua ikija kutoka mbali, ikifuta kilima kimoja baada ya kingine. Ilitukuta tukiwa tumeshajibanza kwenye kibaraza cha duka. Mama mwenye duka akamuuliza Baba anakwenda wapi na mvua hii.

"Tunatembea tu," alijibu, kifua mbele.

Tulipofika Kasulu akaniomba nimpeleke Mtabila. Hakuna cha kuona kule, majani yamefunika kila kitu. Tukasimama kwenye barabara ya udongo.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunarudishwa," alisema. "Ukikutwa umepita hapa bila kibali, unarudishwa."

Akaiangalia pikipiki. "Nifundishe."

Nilitaka kukataa. Barabara ilikuwa imelowa, na yeye ana goti bovu. Wodini kwangu nawapokea kila mara walioanguka na pikipiki, najua mifupa inavyokuwa. Lakini Baba hajawahi kuniomba kitu.

Nikamwonyesha klachi, gia, breki. Nikakaa nyuma yake. Ikamzimikia, ikamzimikia tena. Kisha tukaondoka.

Mtu aliyebeba mihogo kwa baiskeli miaka yote hii hafundishwi kujisawazisha. Alikuwa amenyooka mgongo, matope yakituruka miguuni. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa juu ya kilima, na nchi yote imefunguka mbele yetu, mabonde yakitoa moshi wa mvua. Sikumwambia buhoro.

Tulipofika chini akasahau breki. Tukaingia majanini taratibu, pikipiki ikazimika yenyewe. Nilishuka haraka nimkague goti. Hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa amegeuka, anaitazama barabara tuliyokuja nayo, jinsi ilivyopanda kilima na kupotelea upande wa pili.

"Ego," alisema. Ndiyo. Basi.

Sijui kama nimewahi kumwona baba yangu kabla ya leo.

Sasa hivi yuko kibarazani mwa gesti, anakunywa chai ya maziwa. Ameniuliza ziwa liko upande gani. Miaka yote hii ameishi mkoa wa Kigoma, na hajawahi kuliona.

Nilikuwa nimepanga kugeuza kesho asubuhi. Sigeuzi. Nitamshusha hadi ufukweni, nikae pembeni, nimwache aangalie mpaka aridhike mwenyewe.