Biskuti Zenye Alama ya Kifungo

Yaya Rebeka, dada yangu mkubwa, mtoto wa mama yangu,

Nakuandikia nikiwa Kimanga, hapa Uvira, kwenye kiwanja kilekile, ingawa nyumba siyo ile uliyoijua. Wengine huwaandikia wapendwa wao waliolala makaburini. Wewe hukutuachia kaburi. Ndiyo maana nimeiandika barua hii wazi, mtu yeyote aisome, kwa kuwa habari zako zote baada ya siku ile zilinifikia kwa midomo ya watu nisiowajua.

Nikikukumbuka, naanza na ule upepo. Uhuru ulikuwa bado mpya, Wazungu wa misheni walikuwa wameondoka na funguo zao, na upepo wa ziwani ukang'oa paa la darasa la watoto wadogo pale kanisani. Watoto wakasoma juani mpaka mvua zikaanza, kisha hawakusoma tena. Wazee waliitisha mkutano, wakaomba, wakaenda nyumbani. Wewe ndiye uliyesimama mbele yetu vijana ukasema tutanunua mabati wenyewe. Tukacheka. Wewe hukucheka.

Ulikuwa umefanya kazi katika jiko la misheni, na biskuti ulizijua kuliko sala. Ukamwomba fundi akukatie pipa la mafuta, ukalilaza, ukalizungushia udongo, likawa tanuri. Yohana, yule kijana mrefu wa wafugaji wa milimani aliyekuwa akiimba nasi, alishuka na siagi ya ng'ombe wa baba yake, imefungwa vizuri ndani ya majani mabichi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukanda. Wewe ulipima kila kitu kwa kiganja, na chumvi ulizidisha siku zote. Nilikuambia, ukanijibu, "Bantu ba Kalundu banatoka jasho. Banataka chumvi."

Halafu ile alama. Ulichukua kifungo cha koti la marehemu baba, kile kikubwa cheusi chenye tundu moja lililopasuka, ukakichemsha, ukakigandamiza juu ya kila biskuti kabla haijaingia motoni. Mtu akiiona, aijue. Baada ya kazi ulikirudisha katika mfuko wa aproni yako, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Kila Jumamosi tulishuka bandarini Kalundu na mabeseni kichwani. Ulitupanga wawili wawili, ukatukataza kuita wateja. "Usipige kelele kama muuza samaki wa ndagala," uliniambia. "Simama tu. Muntu atanusa, atakuya yeye mwenyewe." Na kweli walikuja. Wabeba mizigo walikula wakiwa na magunia mgongoni. Mabati ya kwanza yalipofika, uliyapiga kwa kiganja kama mtu anayempiga ng'ombe wake begani, na nikakuona kwa mara ya kwanza ukicheka kwa sauti.

Mabati hayakuwa yametimia vita vilipotufikia. Unakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza? Waasi walikuwa wanapanda kutoka bondeni mwa Ruzizi, watu wakasema wako huku, wengine wakasema wako kule, na Jumamosi hiyo asubuhi tulipita sokoni tukakuta nyanya zimepangwa, mihogo imepangwa, mizani inaning'inia, na hakuna muuzaji hata mmoja. Mbwa walikuwa wamekaa kando ya njia wakitutazama. Hawakubweka.

Mama alikuwa amekuzuia mlangoni. "Rebeka, bantu bako banakimbia, na weye uko unapika biskwi?"

"Mama, bale bako ku Kalundu habayakula tangu jana," ulisema. "Minye siendi kuuza. Naenda kuwapatia. Mungu ataona namna ya mabati."

Sijawahi kuwaeleza watu vizuri tulichokiona Kalundu, kwa hiyo nakueleza wewe uliyekuwapo. Gati lilikuwa tupu. Boti moja tu ilikuwa imefungwa pale, ndefu, ya mbao, haina jina ubavuni. Imejaa watu. Walikuwa wamekaa wamebanana, wake kwa waume, vichwa vyote vimeelekea ziwani, na hakuna aliyezungumza, hakuna aliyekohoa, hakuna mtoto aliyelia. Maji yaliyozunguka boti hayakuwa na hata kiwimbi. Nilikushika mkono. Nakumbuka mkono wako ulinukia sukari iliyoungua.

"Tusiende," nilisema.

"Bako na njaa, Anna. Ngojea hapa. Minye narudi sasa hivi."

Ukapita juu ya ubao, beseni kichwani. Nilikuona ukiinama kwa mmoja, kisha kwa mwingine, ukiweka biskuti mikononi mwao. Walipokea bila kugeuka. Hapo risasi zikalia upande wa mlima. Nilijitupa chini nyuma ya magogo. Nilipoinua uso, boti ilikuwa imeshaondoka, imefika mbali kuliko boti yoyote inavyoweza kufika kwa muda ule, na sikuwa nimesikia injini wala kasia. Ulikuwa umesimama nyuma kabisa, beseni kichwani, umenielekea. Hukupunga mkono. Nilikuita mpaka sauti ikakatika. Katika watu wote wale ni wewe peke yako uliyekuwa unatazama nchi kavu.

Tulikimbilia Nyakabere, kwa mjomba, tukalala katika ghala la mpunga. Vita vilipotulia kidogo, Mama alianza kuuliza. Aliuliza Bujumbura kwa wavuvi, aliuliza Rumonge, alituma salamu mpaka Kigoma. Boti haikufika mahali popote. Haikuonekana imezama, wala ubao mmoja haukuelea. Lakini si hilo lililomnyima Mama usingizi. Kila familia ya Uvira iliyopotelewa na mtu wakati ule ilijua mtu wao alipotelea wapi, njiani au milimani au mikononi mwa nani. Hakuna familia hata moja iliyosema wetu alipanda boti ile. Hakuna aliyewajua wale watu. Katika boti nzima, aliyetafutwa ni wewe tu.

Kisha habari zako zikaanza.

Tukiwa bado Nyakabere, bibi mmoja aliyekuwa akilima karibu nasi alipita na kitu ndani ya kitambaa. Nilisikia harufu kabla sijaona. Nikamwomba akifungue. Ilikuwa biskuti, na katikati yake alama ya kifungo chenye tundu lililopasuka.

"Iko binti mumoja alinipatia pale ku njia," alisema. "Alisema ni ya vijana ba Kimanga, ya kusaidia batoto."

"Alikuwa namna gani?"

Bibi akafikiri. "Hana maneno mingi. Nguo yake ilikuwa yote imelowa mayi, na jua lilikuwa kali."

Nilikimbia njia nzima mpaka mtoni. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa kavu, na halikuwa na nyayo ila zangu. Niliporudi, Mama alikuwa ameshavunja kipande na kukiweka ulimini. Alifumba macho. "Chumvi imezidi," alisema. "Ni yake."

Baadaye Yohana alishuka kutoka milimani, amekonda, ndevu zimemwota. Alikuwa amejificha juu kabisa na mama yake na ng'ombe wachache, katika ukungu usioinuka. Siku waliyokosa chakula kabisa, mama yake alitoka asubuhi akakuta juu ya jiwe biskuti zimefungwa ndani ya jani la mgomba. Yohana alinitazama sana aliponiambia hivyo. "Kule juu hakuna mugomba, Anna. Weye unajua." Alikuwa amebakiza moja. Alinipa ikiwa imekauka kama mfupa, na alama yako juu yake.

Tuliporudi Kimanga, tanuri lako lilikuwa zima na yale mabati ya mwanzo yalikuwa bado chini ya vitanda vya wazee. Vijana waliobaki walinitaka nishike kazi yako. Nilikubali kwa sababu sikujua ningekaa wapi kukungoja kama si mbele ya tanuri lile. Nilipima kwa kiganja kama wewe. Alama sikuweka, kifungo kilikuwa mfukoni mwako.

Alasiri moja nilifungua tanuri, Yohana akavuta bati la kuokea, na wasichana wawili wa kwaya walikuwa pale na mabeseni. Biskuti zote zilikuwa na uso laini. Moja, katikati, ilikuwa na alama. Msichana mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini, mwingine akaweka beseni chini na kwenda zake, asirudi tena katika kikundi. Yohana alitaka tuitupe ziwani. Mama alikuja kutoka nyumbani, akatazama, akaichukua ikiwa bado ya moto.

"Mutoto ameleta chakula," alisema. "Mutaitupa?"

Akaila yote akiwa amesimama, bila kumgawia mtu. Kisha akafuta midomo, akaniambia nipange nyingine, zisipoe.

Tangu siku hiyo kila tulipooka palikuwa na moja. Tulizoea, Yaya, kama mtu anavyozoea kitu cha kutisha kikimjia kwa upole. Mama alikula yake, sisi tukaenda Kalundu. Abiria wakawa wananiuliza kama yule ndugu yangu aliyewauzia kwenye gati la pili amepona homa, maana mikono yake ilikuwa baridi sana. Kalundu haikuwa na gati la pili. Niliwajibu kwamba amepona.

Hivyo tukafikia mabati tuliyohitaji. Yohana mwenyewe alipanda juu akayapigilia, na mvua ya kwanza iliponyesha tulisimama ndani na watoto tukiisikiliza ikilia juu ya vichwa vyetu. Mama alilia kwa furaha. Jumamosi iliyofuata nilioka kama kawaida, kwa ajili ya madawati. Nikafungua tanuri. Zote zilikuwa laini. Nilizigeuza moja moja, nikaingiza mkono ndani nikapapasa mpaka nikaungua. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mikono imefunguka mapajani, anangoja.

Hukuja tena. Hakuna bibi aliyepita na kitambaa, hakuna abiria aliyeniuliza habari za mikono yako. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuruhusu tukae matanga yako. Karibu na kufa kwake aliniambia jambo ambalo nilikuwa nalifikiri pia kila nilipopita pale shuleni: "Tungeiacha ile bati ya mwisho, kazi isiishe."

Sasa nimekuwa mimi bibi, Yaya, na magoti yamegoma. Hofu imeniisha. Nilichobaki nacho ni hamu ya kukuona, ile ya mtoto aliyeambiwa ngojea hapa. Juzi vijana wa kanisa walikuja wakaniomba niwafundishe zile biskuti, wanataka kununua ngoma za kwaya. Niliwauliza kama hawana kazi kubwa kuliko hiyo. Walitazamana. Msichana mmoja akasema kuna ukuta wa mawe wa kuzuia mto usiingie kwenye nyumba, ila kila mvua mto unabomoa ule uliojengwa na wengine.

"Ile haiwezi kuisha, Mama," aliniambia. "Hata bajukuu betu batazeeka bakijenga."

Nikamwambia, "Basi tuanze na hiyo."

Tunawasha tanuri Jumamosi.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Anna