Upande wa Kushoto wa Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko? Shemeji na wapwa zangu wazima? Ile baridi uliyoilalamikia imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia na anakusalimu sana. Baba naye ni mzima kwa kila amwonaye, isipokuwa mimi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu katika nyumba hii hakuna simu ambayo Mama haisikii. Shangazi anasafiri kesho, atakukabidhi barua hii mkononi.

Unaikumbuka ile kazi yangu ya kupiga picha watu wanaofanya kazi na wanyama? Inakwenda vizuri. Kuna mama mfuga nyuki aliyekataa katakata kuvua wavu, nikaambulia picha ya wavu. Kuna mzee anayefunza maksai bila kushika fimbo, mpole mpaka unamwonea haya. Ilibaki picha kubwa ya ukutani kwa ajili ya maonyesho. Nikasema, ya nini kuhangaika na watu wa mbali, na Baba yuko na mafahali wa shamba la maziwa tangu hatujazaliwa?

Basi nikaenda naye kazini. Alitaka apigwe picha na yule fahali mweusi, wanayemwita Mheshimiwa kwa kuwa hutoka bandani apendapo na hakuna wa kumuuliza. Kabla ya kuingia zizini akanipa masharti, kwa sauti ileile aliyotumia kututuma dukani: nisikimbie, nisipige kelele, nisinyanyue mkono ghafla. Fahali akishtuka, anayeumia ni aliye karibu naye.

Baba akasimama katikati na ndoo yake. Mimi nimeegemea ukuta, jicho kwenye kamera. Mheshimiwa alikuwa anakula kule nyuma. Mara akaacha kula, akazunguka polepole mpaka upande wa kushoto wa Baba, kichwa chini, anaparura udongo kwa kwato. Nikangoja Baba ageuke. Wapi! Fahali yuko pale, waziwazi, na Baba anatabasamu kama bwana harusi.

Dada, niliogopa sijapata kuogopa hivyo. Kupiga kelele siwezi, kukimbia siwezi. Sijui akili ilitoka wapi, nikasema kwa sauti yangu ya studio: "Baba, nigeuzie uso kushoto. Kidogo tu. Ongeza. Hapo kuna mwanga mzuri."

Akageuza uso, bado hakuona kitu. Ikambidi ageuze na mabega, mpaka jicho la kulia likamfikia fahali. Hakushtuka, unamjua. "Ahaa, Mheshimiwa, kumbe na wewe unataka picha?" Akaiweka ndoo chini kati yao, akarudi kinyumenyume hadi getini.

Nje nikamuuliza, jicho la kushoto halioni tangu lini? Akasema ni ukungu tu, utapita. Nikamwambia huo ni mtoto wa jicho, hospitali wanautoa na mtu anarudi kazini kwake.

"Nikilazwa, mle zizini ataingia nani?" akasema. "Wataleta mtu wa fimbo. Mheshimiwa atamuumiza, halafu achinjwe."

"Baba, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Methali zako kawauzie wateja wako. Na mama yenu asijue."

Nilikasirika, sikufichi. Nusura niende kwa meneja siku ileile. Lakini meneja akijua hatangoja apone, atamhamishia langoni awe anafungulia magari. Baba wa kufungulia magari mimi simjui, na wewe humjui.

Kwa hiyo nakusihi, ukimaliza kusoma tu, mpigie. Mimi hunisikiliza kwa sikio moja. Wewe ndiye kifungua mimba wake, hajawahi kukukatalia neno. Usimtishe, atakata simu. Mwambie achukue likizo aende hospitali, na kwamba yule mzee wa maksai amekubali kumshikia zizi mpaka arudi. Nimeshaongea naye. Nikimwambia mimi, atasema nimempangia maisha.

Picha ya ukutani ilipatikana wiki iliyopita, nakala yake imo humu. Hata hivyo kila asubuhi naenda naye zizini, kamera shingoni, wala siiwashi. Nasimama mahali ninapoliona bega lake la kushoto. Haniulizi ni picha gani hizo zisizokwisha, nami simwambii. Jana, mkono wake ukiwa kwenye komeo la geti, alisita. Hakunitazama.

"Leo nigeuze uso upande gani?" akauliza.

Nisalimie shemeji, na wapwa uwabusu mmoja mmoja. Mungu awafunike huko mliko, na atuwekee Baba mpaka siku utakayokuja kumwona, naye akuone.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mpiga picha wenu.