Bunduki Kwenye Shimo la Ndizi

Mugoma, Ngara
8 Mei 1980

Mdogo wangu mpendwa Emilian,

Pokea salamu zetu nyingi. Je, kile kifua kimekuachia? Na shemeji Rozalia na watoto hapo Nyamahanga hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa shemeji yako Bernadetha, ambaye sikio lake la kushoto bado linavuma. Hilo sikio ndilo lililoniketisha kuandika.

Mwanao Gaspari alirudi salama hapa kwetu kutoka vitani Uganda, tukamshukuru Mungu. Nisichokuandikia wakati ule ni kwamba alirudi na bunduki aliyoiokota huko. Tangazo la kusalimisha silaha liliposomwa kijijini, nilimwambia aipeleke polisi. Akanijibu kwa adabu zote kwamba kituo kiko Ngara mjini na wezi wa ng'ombe wako hapo ng'ambo ya mto. Polisi wakifika, ng'ombe ameshaliwa, kilichobaki ni kuandika maelezo.

Nilimweleza, tena taratibu, kwamba mtu akiwa mlinzi, shahidi na hakimu peke yake, jirani yake hana pa kukata rufaa. Nyandwi, jirani yetu aliyeibiwa ng'ombe wote mwaka jana, akadakia kwamba Mwalimu, yaani mimi, asema kweli: mwizi akija tumpe kiti, Mwalimu amfundishe somo la siasa. Walicheka mpaka Nyandwi akamwaga pombe yake. Nilichoka, Emilian. Darasa la kwanza lina nafuu.

Mwishowe Gaspari akaniambia ameitupa mtoni. Nikamwamini.

Kumbe aliifukia, risasi ikiwa ndani, mdomoni mwa shimo letu la zamani la kuivishia ndizi, kwa kuwa tulishachimba jipya. Wiki iliyopita mvua ikajaza maji lile jipya, na Bernadetha alikuwa na ndizi za pombe ya kupeleka Kasulo kwa wakwe wa Gaspari, kwa kina Esperansia mchumba wake. Akarudi kwenye shimo la zamani. Akapanga ndizi, akafunika kwa majani na udongo, akawasha moto mdomoni ili joto liingie, kama mama alivyokuwa akifanya. Alikuwa ameinama anapuliza, bunduki ikalia. Risasi ilimpita sikioni, ikaingia zizini, ikamwangusha yule mtamba mwekundu uliyempa Gaspari kwa ajili ya mahari.

Basi tangu vita viishe nimepoteza ng'ombe mmoja tu, naye ameuawa na bunduki ya kumlinda. Nyandwi alikuja na kisu kusaidia kuchuna, na huku akitafuna nyama alishikilia kwamba kosa ni la moto.

Sasa lile lililonilemea. Kesho yake nilimwambia Gaspari aichukue bunduki, tukatembea hadi polisi. Ni mimi niliyempeleka, si mwingine. Yuko mahabusu. Njiani aliniuliza wezi wakija nitafanya nini. Nilijibu nitapiga yowe, na mgambo watakuja. Nilidhani atacheka kama Nyandwi. Hakucheka. Alinivua mfuko wangu begani, akaubeba yeye hadi mlangoni pa kituo.

Kesi yake ni mwisho wa mwezi. Njoo, na umletee koti. Ukitaka kunigombeza, nigombeze hapa nyumbani. Mahakamani tusimame naye sote wawili.

Bernadetha anawasalimu, mkimjibu, semeni kwa sauti. Mungu awatunze.

Kaka yako,
Bonaventura