Mpwa Wangu Amefuzu, Shemeji Anataka Namba

Bi Rukaiya mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana furaha na hasira vimenijaa kifua kimoja. Mpwa wangu Muzdalifa, niliyemlea tangu anatambaa, kamaliza chuo cha ufundi wa injini, na akili hiyo kairithi kwangu, maana mimi niliishia darasa la tano lakini nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, hapo malizia mwenyewe. Mtihani wao wa mwisho haukuwa wa kalamu, kila mwanafunzi aliwekewa pawatila, lile trekta dogo la kulimia la magurudumu mawili, ambayo wakufunzi wameiharibu makusudi, akaambiwa tafuta ugonjwa, tibu, kisha eleza ulichofanya na kwa nini. Muzdalifa akaiinamia, akafungua, akafunga, akazungusha hendeli, ikanguruma mpaka viboko wa Ngorongo wakatoka majini kuuliza kuna nini, na mkufunzi mmoja nasikia alitoa machozi.

Basi nikatangaza kuanzia barazani hadi stendi ya Ikwiriri kwamba binti kawa wa kwanza, nikaalika watu mpaka Chumbi kwa sherehe ya Ijumaa, na mbuzi yupo kafungwa. Majibu yametoka, yameandikwa AMEFUZU. Basi! Namba hakuna. Nikamuuliza, "Wa ngapi?" Akasema, "Mjomba, chuoni kwetu hakuna wa ngapi. Kazi unaiweza, au bado. Asiyeweza anarudia mpaka aweze." Sasa shemeji yangu Mrisho, ambaye mwanawe shuleni alikuwa wa tatu, na ambaye mashine yake ya kukoboa mpunga imekufa tangu masika inasubiri fundi wa Dar, kila nikipita anapaza sauti, "Haruna, taja namba tuje kula!" Nataka niende kwa mkuu wa chuo anipe namba yangu, lakini Muzdalifa kaapa nikienda, yeye kwenye sherehe hakanyagi. Nifanyeje?

Haruna, Ikwiriri

Mjomba Haruna, kwanza hongera, tena na vigelegele. Pili, kaa chini. Nani alikutuma utangaze majibu ambayo hayajatoka? Umejitwisha mwenyewe, usiende kumtwisha mkuu wa chuo mzigo wako.

Unadhani namba ndiyo heshima. Namba inasema umempita nani, haisemi unajua nini. Darasa zima likishindwa kuwasha injini, bado mmoja wao ataitwa wa kwanza, na ukimpa mashine yako atakurudishia chuma chakavu. Chuo cha mpwa wako kimeuliza: kazi anaiweza? Kajibu kwa mikono, kaeleza kwa mdomo. Ulitaka mtihani gani mwingine? Kama una hamu ya kujua anaweza nini hasa, muulize yeye, na ukisimulia safari hii waache viboko walale.

Chuoni usiende. Mwombe binti radhi leo leo. Kisha, akiridhia, mpeleke kwa Mrisho aifungue ile mashine, na mpunga wa sherehe ukobolewe hapo hapo, shemeji amesimama anatazama. Ikimshinda atasema mwenyewe "bado", ndivyo alivyofundishwa. Lakini mimi, mjomba, kanga ya sherehe nimeshaitoa sandukuni.

Wali ukiiva, watu wakiketi mkekani, na Mrisho akauliza tena wa ngapi, usimjibu. Mjazie sahani.